Kizuri Chajiuza? Ukweli Katika Matangazo ya Ploti na Nyumba

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotuambia kila mmoja achague jambo analolijua vyema alieleze katika jarida la mwaka huu, wenzangu walikimbilia msitu wa Kakamega, fahali wa Khayega na ngoma ya isukuti. Mimi nimechagua matangazo ya ploti. Ndiyo, ploti! Yale maneno unayoyaona kwenye simu ya mzazi wako, na kwenye vibao vilivyopigiliwa misumari mitini kando ya barabara ya Kisumu. Usicheke kwanza.

Mjomba wangu ni dalali wa ardhi na nyumba za kupanga hapa mjini. Anazijua njia zote za panya kutoka Lurambi hadi Shirere, anajua nani anauza na nani anasema tu anauza. Ila kuandika hakumpendezi. Likizo ya Desemba iliyopita alinikabidhi simu yake (walimu wasishtuke, simu ilikuwa yake na shule ilikuwa imefungwa) akaniambia, "Mpwa wangu, wewe si ni mtu wa Kiswahili huko shuleni? Hebu nitilie maneno matamu hapa Facebook na WhatsApp." Nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa mandazi. Niliandika hivi: ploti ya kuvutia, thumuni ya ekari, dakika tano kutoka lami, maji na stima papo hapo, hatimiliki tayari, wahi kabla haijaisha.

Simu zilimiminika. Mjomba alinipigapiga begani na kusema kweli biashara ni matangazo.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja, muuguzi, kwa matatu kutoka Eldoret. Alikuwa amefuatana na fundi mwenye utepe wa kupimia. Tulishuka kwenye lami tukaanza kutembea. Dakika tano zikapita, kumi, ishirini. Mvua ya alasiri, ile yetu ya kila siku, ikatukuta njiani. Dakika tano zangu zilikuwa za bodaboda, tena siku ya jua, tena bodaboda ya kijana asiyejali shingo yake. Tulipofika fundi akapima: futi 40 kwa 80. Nguzo ya stima ya karibu ilikuwa ng'ambo ya kijito. Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani aliandika haya maneno?" Mjomba akanitazama. Mama akasema, "Mwanangu, Kiswahili chako ni kizuri sana. Nimeomba ruhusa kazini na kulipa nauli kwa sababu yake."

Usiku ule sikulala vizuri, na nitasema kwa nini. Miezi michache kabla ya hapo dada yangu alikuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Akaona mtandaoni picha ya chumba karibu na chuo, kuta nyeupe, vigae sakafuni, akaambiwa atume shilingi 4,500 kwa M-Pesa ili asipokonywe. Alituma. Alipofika na godoro lake akakuta chumba ni cha mtu mwingine ambaye hata hajui kuna picha. Ile namba ikawa haipatikani. Pesa zile zilikuwa za kuku wa mama, na mimi ndimi niliyemlaani mwandishi wa tangazo lile kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Kumbe na mimi sasa nilikuwa mwandishi wa aina hiyo. Tofauti yetu ilikuwa tu kwamba ploti yangu ilikuwepo.

Basi nikaanza kumuuliza mjomba maswali, na haya ninayoyaeleza ni yale niliyojifunza, mengine kwake, mengine kwa kusoma.

Kwanza ujue kwa nini dalali hudanganya. Hana mshahara, hula kitu pale tu ardhi inapouzwa. Tena ploti moja huwa mikononi mwa madalali watano au sita, na anayemleta mnunuzi kwanza ndiye anayekula. Kwa hiyo kila mmoja hupaka tangazo lake sukari zaidi ya mwenziwe. Huyu akisema dakika kumi, yule atasema tano. Si lazima wawe watu wabaya. Mjomba wangu hajawahi kumwibia mtu shilingi, lakini hakuona kosa katika zile dakika tano. Alisema, "Kila mtu anajua ni maneno ya biashara." Yule muuguzi hakujua.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo wengi hupigwa. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Igawe kwa nane upate 5,445. Hiyo ndiyo thumuni. Ploti ya 50 kwa 100, ambayo kila mtu huiita thumuni, ni futi 5,000, yaani imeshapungua kidogo, na watu wameizoea. Lakini 40 kwa 80 ni futi 3,200 tu! Ukilipia thumuni ukapewa hiyo, umepoteza zaidi ya thuluthi ya ardhi yako. Mwalimu wa hesabu alipotufunza eneo la mstatili sikudhani lingeniaibisha mbele ya watu. Dawa yake ni nyepesi: tangazo liandike futi kwa futi, wala lisitumie neno thumuni kabisa.

Umbali nao uandikwe kwa kilomita, na isemwe njia ni ya namna gani. Kilomita mbili za murram na kilomita mbili za udongo mwekundu ni vitu viwili tofauti katika mji wetu. Picha pia zina ujanja wake. Hapa kwetu miezi mikavu ni kama Desemba hadi Februari, nazo mvua za masika huanza Machi. Picha ya Januari huonyesha kiwanja kikavu chenye nyasi za kupendeza, ilhali mwezi wa Mei pale pale vyura wanaimba. Dalali mkweli huandika picha ilipigwa mwezi gani. Ikiwa ni chumba, hupiga picha akiwa amesimama mlangoni, asijibanze pembeni na kuinua simu juu ili kitanda cha futi tatu na nusu kionekane kama uwanja wa Bukhungu.

Lakini neno zito kuliko yote ni lile la "hatimiliki tayari". Tayari kwa nani? Sehemu zetu nyingi shamba lingali kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na wajukuu wanauziana vipande kwa maneno ya mdomo mbele ya liguru. Sheria ya Urithi hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia. Ni kosa la jinai. Tena ikiwa ni shamba la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka idhini ya halmashauri ya ardhi ya eneo hilo, na bila idhini hiyo mapatano ni bure. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mume hawezi kuiuza bila idhini ya mke, wala mke bila ya mume. Na mkataba wa ardhi sharti uwe wa maandishi, utiwe sahihi mbele ya shahidi. Sasa niambie, neno "tayari" linabeba lipi katika hayo?

Kwa hiyo tangazo la kweli hutaja hatimiliki iko kwa jina la nani, hai au marehemu, na kama shamba limekwisha kugawanywa au bado ni kipande ndani ya shamba kubwa. Mnunuzi akija hupewa nambari ya shamba, mathalan Isukha/Shirere kisha tarakimu zake, aende mwenyewe katika afisi ya ardhi akafanye sachi, yaani upekuzi rasmi wa sajili. Huko ataona mwenye shamba ni nani, kama limewekwa rehani kwa benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Mwaka 2021 serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa, ukianzia Nairobi, ili mambo haya yafanyike kwa kompyuta. Dalali anayekataa kukupa nambari ya shamba, mwage mkono uende zako.

Watu wa Kakamega tungepaswa kuwa wakali zaidi juu ya maneno ya ardhi kuliko watu wengine. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ikiahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na kipande kikichukuliwa watapewa kingine cha thamani sawa. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa hapa hapa kwetu. Kufika Desemba 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa, wenyeji walipwe pesa tu, ardhi nyingine hakuna, hata baraza lao lisiulizwe. Mashimo ya Rosterman yako karibu na mji. Bila shaka umewahi kuyasikia.

Turudi kwa madalali. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, ya mwaka 1984. Iliunda bodi ya kuwasajili mawakala, na anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anavunja sheria. Nilipomsomea mjomba kifungu hicho alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekula. Hilo bado tunalizungumza. Amekubali kwa sasa kwamba mteja amlipe pesa za ardhi wakili na si yeye, na kwamba hatamwambia mtu yeyote kuwa ana karatasi ambazo hana.

Wenzetu wa ng'ambo nao waliumwa na nyoka huyu. Uingereza ilitunga mwaka 1991 sheria maalumu ya kumshtaki wakala anayetangaza uongo juu ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2013 kwa kuwa kanuni pana za kumlinda mnunuzi zilikuwa zimeshika mahali pake. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni habari za wakala mmoja wa London, Roy Brooks, aliyevuma miaka ya 1950 na 1960. Yeye alizitangaza nyumba gazetini kwa ubaya wake wote, paa bovu, rangi mbaya, kila kitu, na watu walinunua gazeti la Jumapili ili wayasome matangazo yake. Nyumba ziliuzwa! Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akakohoa, akasema hiyo ni London.

Hata hivyo alikubali tujaribu. Tulifuta matangazo yote ya zamani tukaandika mapya: futi, kilomita, mwezi wa picha, jina lililo kwenye hatimiliki, na kasoro moja kubwa ya kila ploti. Aidha, kila Jumamosi niliandika maelezo mafupi ambayo hayauzi kitu. Wiki moja nikaeleza sachi, nyingine idhini ya halmashauri, nyingine jinsi mwanafunzi anavyoweza kupata chumba bila kutuma pesa kabla ya kukiona na kuzungumza na mwenye nyumba. Hilo la mwisho lilisambazwa kuliko yote. Dada yangu alilituma kwenye vikundi vyao vyote.

Sitakuficha, msomaji, simu zilipungua. Wenye mashamba wawili walikasirika wakachukua ploti zao wakampa dalali mwingine, na mjomba alininunia siku tatu nzima. Lakini waliopiga sasa walikuwa wanauliza maswali ya maana, wala hapakuwa tena na mtu wa kurudi kwao amelowa, amefura kwa hasira.

Ile ploti ya muuguzi ilikuwa haijauzwa shule zilipofungwa Aprili. Tangazo lake sasa linasema ni futi 40 kwa 80, kilomita mbili na nusu kutoka lami kwa njia ya udongo, stima iko ng'ambo ya kijito, na upande wa chini hujaa maji wakati wa masika. Wiki ya pili ya likizo mume na mke walipiga simu wakasema wangependa kuiona. Mjomba akawakumbusha kwamba kumenyesha usiku kucha. Walikuja asubuhi, wote wawili wamevaa gambuti.