Kwa Nini Dawa ya Minyoo Hutolewa Shuleni

Mtoto arudipo nyumbani na kusema kwamba leo mwalimu amewagawia vidonge darasani, wazazi wengi huuliza mambo mawili. Mtoto wangu haumwi. Amepewa dawa ya nini? Tena, mwalimu si daktari. Ni nani aliyempa ruhusa ya kutoa dawa? Maswali hayo ni ya haki, na mzazi ayaulizaye anastahili kujibiwa.

Kwanza yafaa tumjue adui mwenyewe. Minyoo iwasumbuayo watoto wa shule ni ya namna nne hasa. Mchango hufanana na nyungunyungu wa shambani, na jike mmoja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, na mahali pasipo na choo cha shimo hukaa udongoni mpaka yatiwe kinywani kwa vidole vichafu au kwa mboga zisizooshwa. Mnyoo wa pili, mwembamba kama mjeledi, huingia kwa njia hiyo hiyo. Safura haingoji kumezwa. Kinda lake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, likaenda na damu mpaka mapafuni, likapanda kooni na kumezwa; likifika utumboni huuma na kunywa damu. Wa nne ni kichocho, ambacho hutoka kwa konokono wa majini na kumwingia mtu aogaye au afuaye ziwani, mtoni au katika mifereji ya mashamba.

Sasa angalia jambo hili. Mtoto mwenye homa kali hubebwa mara moja kwenda dispensari. Lakini mwenye minyoo haanguki kitandani. Huchoka tu, akapungukiwa na damu, akasinzia darasani, siku nyingine akashindwa kwenda shule kwa sababu tumbo linamsokota. Baba husema mtoto huyu ni mvivu. Mwalimu naye husema hana akili. Hakuna atakayeacha shamba lake siku nzima ili kumpeleka hospitali mtoto mvivu. Basi ugonjwa huo ukingojewa hospitalini hautafika.

Shule, kwa upande mwingine, ipo karibu. Watoto wamekwisha kukusanyika, majina yao yameandikwa katika rejista, na mwalimu anamjua kila mmoja. Dawa nayo ni nyepesi. Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 ni kimoja tu kwa mtoto wa shule, awe mkubwa au mdogo, naye hukitafuna mbele ya mwalimu. Dawa ya kichocho, yaani prazikwanteli, hupimwa kwa uzito. Lakini kwa kuwa mizani ni shida kupatikana, mtoto husimamishwa kando ya mti uliotiwa alama, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge. Afadhali awe amekula kwanza, maana dawa hiyo huweza kuleta kichefuchefu au maumivu ya tumbo kwa muda. Aliye mgonjwa siku hiyo hapewi. Kazi ya namna hiyo mwalimu aliyefundishwa na watu wa Wizara ya Afya aiweza vizuri, wala haimfanyi kuwa daktari.

Na kwa nini hupewa hata asiyejulikana kuwa na minyoo? Kwa sababu kupima kinyesi cha kila mtoto hugharimu zaidi kuliko kidonge chenyewe. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba wapimwe watoto wachache wa kila eneo. Na ikionekana kwamba minyoo ya tumbo imewapata 20 au zaidi katika kila 100, wote wa eneo hilo wapewe dawa.

Katika Kenya jambo hili lilijaribiwa Busia tangu mwaka 1998, katika shule 75 za msingi zenye watoto zaidi ya 30,000. Katika kila watoto 100 waliopimwa mwanzoni, 92 walikuwa na minyoo ya namna moja au zaidi. Shule ziligawanywa mafungu matatu, moja likaanza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001, ili zilinganishwe. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa kadiri ya robo. Hata watoto wasiomeza kidonge walipata nafuu, kwa kuwa mayai yaliyoangushwa udongoni yalipungua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizipiga hesabu hizo upya, wakabisha juu ya baadhi yake, na ubishi ule haujawaridhisha wote. Lakini waliofuatiliwa baada ya miaka 20 hivi, wale waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walionekana kuwa na mapato ya kila saa yaliyozidi kwa 13 katika 100.

Funzo la ada ndilo lililonishangaza mimi. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule hizo waliombwa kulipa kiasi kidogo, kwa wastani kadiri ya senti 30 za dola ya Marekani kwa kila mtoto. Mahali dawa ilipokuwa ya bure, watoto 75 katika 100 waliimeza. Mahali pa kulipa, 18 tu. Wala haikuwa kwamba walio wagonjwa zaidi ndio waliolipa.

Mwaka 2009 Wizara za Elimu na Afya ziliipeleka kazi hiyo katika sehemu nyingi za nchi, na watoto zaidi ya 3,000,000 wakapata dawa. Tangu mwaka 2012 ilirudiwa mwaka kwa mwaka, hasa Magharibi, Nyanza na Pwani. Hapana budi irudiwe, kwa sababu kidonge huua minyoo iliyomo tumboni leo, lakini hakiyagusi mayai yaliyomo uani. Mtoto akirudi katika uwanja ule ule usio na choo, ataambukizwa tena kabla mwaka haujaisha.

Tena yuko mtoto ambaye jina lake halimo katika rejista: mdogo wake aliyebaki nyumbani, au mchunga ng'ombe ambaye hakupelekwa shule. Yeye naye hutembea pekupeku katika udongo ule ule. Katika mpango wa taifa, watoto kama hao waliruhusiwa kuja kupata dawa pamoja na wenzao. Mzazi asikiapo siku ya dawa imetangazwa, na amwulize mwalimu mkuu saa ya kuwaleta, naye awalete wakiwa wamekwisha kula.