Usimamizi wa Miradi (3): Karanga za Kongwa

Wiki iliyopita tuliishia kwenye andiko la mradi: lengo, bajeti na ratiba. Leo tuulize jambo ambalo taasisi nyingi hulikwepa. Andiko likikosea, ni kazi ya nani kusema?

Twende Kongwa, Dodoma. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Ikatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, waje kutafuta ardhi ya karanga. Walizunguka wiki tisa tu, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Shamba la majaribio halikuwekwa. Mgogo yeyote angewaambia habari za mvua ya pale. Wagogo hukumbuka miaka kwa majina ya njaa, na Mtunya, ile ya Vita Kuu ya Kwanza, hutajwa hadi leo.

Kazi ilianza 1947. Matrekta yalikuwa ya mitumba, mabaki ya vita, na baadaye vikaja hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu na visiki vikayashinda mengi. Maji yalikuwa haba. Udongo wa mfinyanzi nao ulikauka ukawa kama sakafu, na karanga, kama ujuavyo, huzaa chini ya ardhi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Tusimame hapo, kwa sababu watu wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha matrekta. Mimi naona matrekta si hoja kubwa. Tarakimu hizo mbili zilitosha kabisa. Mradi unaosimamiwa vizuri hugawanywa kwa hatua, na mwisho wa kila hatua kuna mlango: wakubwa hukaa, hutazama kilichopatikana, kisha huamua kuendelea, kubadili au kuacha. Fedha za hatua inayofuata hazitoki mpaka mlango ufunguliwe. Kongwa haikuwa na mlango. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikwisha kuutetea mpango bungeni, na shirika la umma lililokabidhiwa kazi mwaka 1948 lilirithi ahadi za watu wengine. Walioona hali shambani hawakuwa na mamlaka ya kusimamisha. Wenye mamlaka walikuwa London.

Meneja mradi huwekwa kwenye pengo hilo. Kusukuma ratiba ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kubwa zaidi ni kupeleka habari mbaya juu mapema, zikiwa bado za bei nafuu. Katika ofisi moja niliyopata kufanyia kazi, ripoti ya ujenzi iliandika “asilimia 90” kwa miezi saba mfululizo. Sote tulijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, na aliyeandaa ripoti alikuwa akitathminiwa na mkubwa yuleyule aliyeitamani ile 90. Juma lijalo tutaona kwa nini meneja mradi huhitaji njia ya kumfikia mtu mwingine zaidi ya huyo.

Kongwa ilifutwa Januari 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda. Bandari ya Mtwara, iliyoanzishwa kwa ajili ya karanga za mpango huohuo upande wa kusini, ingali inafanya kazi. Kongwa kwenyewe pakageuzwa ranchi. Wanalisha ng’ombe, kama Wagogo walivyokuwa wakifanya.