Kuosha Gari kwa Mkono: Adabu na Taratibu Zake

Ziko kazi ambazo kila mtu hudhani azijua, kwa kuwa hapana aliyepata kuambiwa akazisomee. Kuosha gari ni mojawapo. Kijana hupewa ndoo, sabuni na kitambaa, akaambiwa, "Nenda kaoshe gari la baba," wala hapana anayesimama kumwonyesha. Gari huoshwa, hung'aa siku ile, na watu wakaridhika. Lakini ikipita miaka miwili au mitatu, rangi iliyokuwa kama kioo huwa imefifia; na mwenye gari hulaumu jua, hulaumu chumvi ya bahari, hulaumu na waliolitengeneza, asijue kwamba sehemu kubwa ya ubovu ule imeletwa na mkono ule ule uliokuwa ukiliosha.

Twapenda basi kuwaeleza wasomaji wetu, na khasa vijana, namna ya kuifanya kazi hii inavyopasa. Hatusemi haya ili gari liwe pambo la kujifakharishia. Gari ni mali ya nyumba, na aghlabu hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi. Tena kijana anayekabidhiwa gari la mzazi wake, au la jirani kwa ujira, amekabidhiwa amana. Na amana huharibika kwa kutojua kama inavyoharibika kwa khiana.

Yafaa kwanza tujue rangi ya gari ni kitu gani. Magari mengi ya siku hizi hupakwa tabaka kadhaa: juu ya bati kuna rangi ya chini, kisha rangi yenyewe tuionayo, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, nayo ndiyo ing'aayo. Tabaka hizi zote zikijumlishwa, kwa kawaida ni kiasi cha mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Vanishi peke yake ni kiasi cha mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi. Basi mtu anayefuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, huku akisugua kwa nguvu, anapiga msasa asijijue.

Atakaye ushahidi na alitazame gari jeusi lililosimama juani, pale panapoakisi mwanga wa jua. Ataona mikwaruzo midogo midogo imeuzunguka mwanga ule kama utando wa buibui. Hiyo si kazi ya jua. Ni kazi ya vitambaa vichafu. Kwa hiyo kanuni ya kuosha gari ni moja, na mengine yote ni matawi yake: vumbi liondolewe kwa maji kabla ya kuguswa, na litakalobaki lisiburutwe juu ya rangi.

Sasa tuje katika vyombo. Zatosha ndoo mbili za lita 20, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ndoo ndogo ya tatu na brashi kwa ajili ya magurudumu. Kitambaa kinene na laini cha kuoshea. Na taulo mbili safi za kukaushia. Vile vitambaa vya nyuzi laini viitwavyo maikrofaiba vyafaa sana, kwani huchukua vumbi ndani ya nyuzi zake. Sabuni bora ni ile shampuu iliyotengenezwa kwa magari. Sabuni ya vyombo ni kali kwa mafuta, nayo huiondoa nta inayoilinda rangi. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi, kwani punje zisizoyeyuka hukwaruza. Na mafuta ya taa yasipakwe juu ya rangi kwa kutaka mng'aro: hayalindi kitu, na vumbi hugandamana nayo.

Wakati wa kuosha ni asubuhi mapema au baada ya alasiri, na mahali ni kivulini. Weka kiganja juu ya boneti. Ukiona bati lina moto, ngoja lipoe. Gari likioshwa juani, maji hukauka kabla hujayafuta, yakaacha madoa meupe ya chumvi na chokaa. Ndugu zetu wa pwani, ambao visima vyao vina maji ya chumvi, wana haja zaidi ya kulishika jambo hili: wakiweza, wamalizie kwa maji ya mvua au ya bomba, na walikaushe gari papo hapo.

Anza na magurudumu, kwa brashi na ndoo yake. Vumbi jeusi la hapo lina vipande vidogo vya chuma vitokavyo katika breki, na kitambaa kilichogusa gurudumu kisiguse rangi kabisa. Kisha limwagie gari zima maji, kuanzia paa hadi chini, ukiyaacha maji yachukue vumbi yenyewe. Hapo ndipo utie kitambaa katika sabuni. Anza juu, uteremke: paa, vioo, boneti, buti, milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa, ambako tope ni jingi. Pitisha kitambaa kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, wala usizungushe. Ukimaliza sehemu moja, kisuuze kitambaa katika ndoo ya maji matupu, ukikamue, ndipo ukirudishe katika sabuni. Mwisho wa kazi tazama chini ya ile ndoo ya kusuuzia: mchanga utakaouona umetulia pale ndio ambao ungalikuwa unaikwaruza rangi. Na kitambaa kikianguka chini, kiwekwe kando, kichukuliwe kingine.

Usiache sabuni ikaukie juu ya gari. Suuza sehemu moja baada ya nyingine. Katika kukausha, tandaza taulo juu ya bati na uivute polepole. Haina haja ya kusugua.

Twawakumbusha vijana jambo la maji. Mpira wa maji ulioachwa wazi hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika moja, na wengi huuacha ukimwaga wakati wote wa kuosha. Kazi tuliyoieleza hutimia kwa ndoo nne au tano, kwa kutumia kopo. Sote tulisoma chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi cha viganja viwili vikijazwa pamoja. Asiyewezekana kusamehewa israfu katika ibada, atasamehewaje katika kuosha gari?

Baada ya kuosha, watu husema, "Sasa tulipige polishi." Hapa pana kosa kubwa, kwani neno hili moja hutumika kwa vitu viwili vilivyo mbali kama mashariki na magharibi. Polishi ya kweli ina unga mwororo wa kusagia. Huing'arisha rangi kwa kuipunguza, ikisawazisha kingo za mikwaruzo. Nta haipunguzi kitu. Huongeza utando mwembamba juu ya vanishi, wa kuzuia maji na uchafu. Nta inayosifiwa tangu zamani ni ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Kwa hiyo polishi ni tiba na nta ni kinga. Na kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye kupiga polishi kila mwezi anaila vanishi yake kidogo kidogo, wala vanishi ikiisha hairudi ila kwa kupaka rangi upya.

Ukiona mkwaruzo, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa ndani, na polishi haitauondoa. Muache fundi rangi auone. Usiponasa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana sana. Chukua polishi kidogo kwa sponji laini, ufanye eneo dogo, kiasi cha sentimita 40 kwa 40, kwa nguvu za wastani, kisha ufute na utazame. Ikiwa yatosha, simama hapo.

Nta nayo hupakwa nyembamba mno. Anayepaka nene hapati ulinzi zaidi. Hupata taabu ya kuifuta. Iache mpaka ifanye ukungu mweupe, kisha uifute kwa kitambaa safi. Isipakwe kwenye kioo cha mbele, wala kwenye plastiki nyeusi, kwani huacha weupe usiotoka kwa urahisi. Nta hudumu majuma kadhaa hadi miezi michache. Dalili ya uhai wake ni maji kufanya matone ya duara. Yakitandaa kama shuka, imekwisha, nawe upake tena.

Mambo mawili ya usalama yasisahauliwe. Mafuta ya kung'arisha matairi yapakwe ubavuni tu, yasiguse sehemu inayokanyaga barabara, wala yasipakwe kwenye pedali na usukani, kwani huteleza. Na gari likitoka kuoshwa, dereva abonyeze breki kidogo kidogo akienda polepole, mpaka zikauke.

La mwisho ni mavi ya ndege, ambayo watu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wenye kunguru wengi, wayajua vyema. Huila vanishi, na jua huzidisha. Yasikwanguliwe makavu, yawekewe kitambaa kilichoroa maji kwa dakika chache mpaka yalainike, kisha yaondolewe bila kusuguliwa. Fanya hivyo siku ile ile, usingoje siku ya kuosha.

Kazi hii yote, bila polishi, huchukua muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mzazi na asimame na mwanawe mara ya kwanza, amwonyeshe zile ndoo mbili na sababu yake. Akiisha kujua sababu, hatahitaji kusimamiwa mara ya pili, na gari la jirani litakuwa salama mikononi mwake kama la kwao.