Masika ni Msimu wa Shamba, si wa Bustani

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, wenye kieneo kidogo nyuma ya nyumba hukumbuka bustani. Jembe hutolewa stoo, pakiti za mbegu za nyanya, hoho na kabichi hununuliwa, na matuta hulimwa harakaharaka ili mvua isipite bure. Maji yanashuka bila bili, basi huu ndio wakati. Ikifika katikati ya Mei, palipopandwa nyanya mara nyingi pamebaki vijiti vyenye majani yaliyoungua, na mwenye bustani anasema aliuziwa mbegu feki, au kwamba yeye na kilimo hawapatani. Naona lawama hizo hazimfikii mhusika. Kosa ni la kalenda. Tumeichukua kalenda ya shamba la mahindi na mpunga tukaiingiza uani, ilhali bustani ya nyumbani, yenye bomba au ndoo karibu, ina mwaka wake, na mwaka huo huanza mvua zinapokatika.

Shamba la kutegemea mvua halina hiari. Hakuna atakayemwagilia ekari mbili za mahindi kwa ndoo, kwa hiyo mkulima hufuata mawingu, na mazao anayopanda ni yale yaliyokwisha kuzoea kazi hiyo: mpunga unaostahimili kusimama majini, mahindi yanayokua upesi, muhogo usiojali sana. Nyanya ni kiumbe kingine. Asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, na jamaa zake wa porini bado huota huko katika nchi kavu. Inahitaji maji mizizini, tena kwa kiasi, na jani kavu. Wakulima wa nyanya wanaofanya biashara wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao hulima kwa kumwagilia, mabondeni na kandokando ya mito, wakati mvua zimeondoka. Anayeipanda uani Aprili anafanya kinyume cha wale wanaoishi kwa zao hilo.

Tuanze na udongo. Mzizi hupumua, na oksijeni yake huipata katika vinafasi vya hewa vilivyo kati ya chembe za udongo. Vinafasi hivyo vikijaa maji, oksijeni hupita kwa shida kubwa, kwani ndani ya maji husambaa taratibu kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Aprili peke yake Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua, nazo hazigawanyiki kwa haki siku hadi siku. Huja kwa vishindo, cha pili kikafika kabla cha kwanza hakijakauka. Mzizi uliokosa hewa huacha kuvuta maji, na hapo ndipo huonekana kioja cha mche ulionyauka huku umesimama dimbwini. Asiyejua huuongezea maji. Penye mchanga unaopitisha maji vizuri, kama sehemu nyingi za pwani, hasara hubadili sura tu: naitrojeni ya mbolea ikishageuka naitreti haishikwi na udongo, hivyo huteremka na maji hadi kina ambacho mizizi ya mchicha haifiki. Majani ya chini hugeuka manjano, mwenyewe hurudi dukani kununua urea nyingine, na mvua ya usiku huipeleka ilikokwenda ile ya kwanza. Samadi iliyooza vizuri au mboji huachia chakula chake polepole, kwa hiyo katika miezi hii inafaa kuliko mfuko wa mbolea ya dukani.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi hutokea juu ya udongo, kwenye jani. Magonjwa mengi ya ukungu hayahitaji mvua ya kutwa kucha; yanahitaji jani likae na maji kwa saa kadhaa mfululizo. Ugonjwa wa madoa meusi ya waridi unataka kama saa 7 za jani bichi ndipo kijimbegu chake kiote na kupenya ndani. Kiangazi umande hukauka jua likishapanda kidogo, lakini masika jani lililoloa jioni hulala limeloa na huamka limeloa. Tena tone la mvua likipiga udongo mtupu hurusha matope hadi kwenye majani ya chini, na matope hayo hubeba vimelea vya bakajani tangulia, ugonjwa unaoanza kama madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kisha ukapanda jani baada ya jani. Geuza jani la mchicha wakati huu wa mvua, mara nyingi utaona chini yake vipele vyeupe vilivyovimba, wakati upande wa juu kuna rangi ya manjano tu. Hiyo ni kutu nyeupe. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba huzuia rasharasha hizo za matope, mradi yasigusane na shina, na mradi mtu akubali kuwaokota konokono watakaojificha humo.

Kwa pwani, ugonjwa ninaouogopa kuliko yote ni mnyauko bakteria, kwa kuwa hupenda joto na unyevu vikiwa pamoja. Mche wa nyanya ambao jana ulikuwa na afya hulegea mchana ukiwa bado wa kijani, jioni ukajikaza kidogo, baada ya siku chache ukalala moja kwa moja. Kuutambua ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kishike ncha yake ikiwa ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise, ungoje dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe, rangi ya maziwa, zikishuka kutoka penye mkato, ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya mche huo. Ung'oe pamoja na mizizi yake, utupe nje ya bustani, na pale ulipokuwa usirudishe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, maana wote ni ukoo mmoja na bakteria hao hubaki udongoni. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka tuta moja hadi jingine huwasafirisha, na hii ni sababu nyingine ya kuinua matuta sentimita 20 hadi 30 na kuyachimbia mtaro kila moja.

Wapo watakaosema kwamba dawa zimejaa madukani, basi kwa nini tuikimbie mvua? Ni kweli mankozebu na dawa za shaba huzuia ukungu. Lakini hizi hukaa juu ya jani na kulikinga. Haziingii ndani kulitibu. Mvua kubwa huziosha, na anayetegemea dawa masika hujikuta akipuliza, akinyeshewa, akipuliza tena. Mwenye shamba kubwa anaweza kupanga siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Bustani ya nyumbani huchumwa leo kidogo na kesho kutwa kidogo, na anayetumwa kuchuma mara nyingi ni mtoto, ambaye lebo ya kopo hajaisoma. Umoja wa Ulaya uliacha kuidhinisha mankozebu mwishoni mwa 2020, na ingawa mazingira yao si yetu, sioni mantiki ya kuigeuza kuwa kiungo cha kawaida cha mboga za nyumbani ili tu nyanya iishi katika mwezi usioipenda.

Pingamizi zito zaidi linatoka sokoni. Masika ndipo nyanya hupanda bei, kwa hiyo akili ya mfukoni inasema tuzipande wakati huo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini bei haipandi kwa bahati. Inapanda kwa sababu nyingi zimefia shambani. Anayezitaka kwa vyovyote apande miche mitatu minne katika ndoo za lita 20 zilizotobolewa matundu chini, aziweke ukingoni mwa baraza linalopata jua la asubuhi, chini ya paa, amwagilie udongo bila kulowesha jani. Au asimike nguzo nne na kutandaza nailoni juu yake, pande zote zikiwa wazi, kwa kuwa kibanda kilichofungwa pande zote huku pwani hugeuka tanuri. Zitazaa. Ila ni wazi kilichofanyika hapo ni kujitengenezea kiangazi kidogo katikati ya mvua.

Basi masika bustani ilale? Hapana, ila ibadilishiwe kazi. Mboga za majani za kwetu ndizo zenye mwezi huu: mchicha unaochumwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda, na bamia penye jua. Hizi huvunwa majani machanga, kabla ugonjwa haujapata muda wa kukomaa juu yake, kisha huchipua upya. Vilevile huu ndio wakati wa vipando. Kijiti kisicho na mizizi hufa kwa kukauka kabla hakijaota, na hewa yenye unyevu hukiongezea siku za kuishi; asumini na haibiskasi zikatwe na kuchomekwa sasa. Bogenvilia itatoa majani mengi na maua haba, na wengi huitilia mbolea wakidhani ina njaa. Iachwe. Udongo ukikauka itachanua yenyewe. Waridi lipunguzwe matawi ya katikati ili upepo upite, na majani yake yaliyoanguka yaokotwe.

Kuna ua moja linalostahili tuta zima, nalo ni marigodi. Watu hupanda mashina mawili pembeni mwa nyanya wakiamini harufu itawafukuza wadudu. Ushahidi ulio imara zaidi unahusu jambo jingine: mizizi yake hutoa kemikali inayodhoofisha minyoo fundo, wale wanaoitia mizizi ya nyanya vinundu katika udongo wa kichanga. Kazi hiyo hufanyika pale tu ilipo mizizi hiyo, ikiwa imesongamana, kwa miezi miwili au zaidi. Tuta likijazwa marigodi mwishoni mwa Machi, mwanzoni mwa Juni linaweza kupokea nyanya, na masika yote yatakuwa yamepita yakiwa na rangi. Mbegu za nyanya zenyewe zisiwe kitaluni, chini ya kivuli cha kuzuia mvua, kabla ya mwisho wa Aprili. Miche hukaa humo wiki nne hadi sita, na inapotoka inakutana na kipupwe: jua lisilochoma, usiku wenye ubaridi, majani makavu.

Litabaki swali la maji, nalo halikwepeki mahali ambapo bomba hukata siku mbili kwa wiki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba, likipigwa na mvua ya milimita 20, huteremsha lita 1,000. Tuseme 800 baada ya zinazomwagika. Bustani ya mita 4 za mraba ikipewa lita 5 kwa kila mita inatumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa hiyo tangi moja la lita 1,000 lililojazwa Mei linaitosha siku 50, bila kuhesabu manyunyu ya kipupwe wala maji ya kuoshea mchele. Tangi lifunikwe kwa wavu na visahani vya chini ya vyungu vimwagwe. Dar es Salaam ilishaona milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba.

Nyanda za juu zina hesabu zao. Lushoto na Limuru hunyeshewa masika pia, lakini ubaridi wake huleta bakajani chelewa, ambayo inaweza kuteketeza tuta la nyanya au viazi ndani ya siku chache, hivyo sababu ya kungoja ni kubwa zaidi. Njombe mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, kalenda ikasogea, ila kule Juni na Julai sakitu huweza kuunguza nyanya alfajiri moja. Miezi hiyo tuta lipewe kabichi, karoti na njegere, nyanya zingoje Agosti.