Kizazi kina walinzi wake, musiwafukuze kwa sabuni

Jioni mama anarudi kutoka kusafisha mawe. Anaoga, anabadilisha nguo. Lakini juu ya harufu ya sehemu za siri, anatia sabuni, ndimu ao mayi ya chumvi mpaka ndani. Siku mbili harufu inapungua, kisha inarudi na nguvu. Bwana anatoka ku karieri, maneno yanaanza: "We, uko na bwana mwingine?"

Mara mingi jibu haliko pale. Ndani ya njia ya uzazi kunaishi vidudu vizuri, vinaitwa laktobasili. Munganga Albert Döderlein wa Ujerumani alivieleza tangu 1892. Vinatengeneza asidi, na asidi ile inafukuza vidudu vibaya. Mwanamke akijiosha ndani, anavuruga walinzi wake mwenyewe. Vibaya vinachukua nafasi: mayi ya kijivu, harufu sawa ya samaki. Ndiyo vajinozi ya bakteria. Inaongeza hatari ya kupata virusi vya Sida na, kwa mwenye mimba, kuzaa mbele ya wakati.

Na kizazi chenyewe? Zamani wanganga walisema ndani yake hamuna kidudu hata kimoja. Lakini 2016, huko Hispania, Inmaculada Moreno na Carlos Simón na wenzao walipima wanawake 35 waliosaidiwa kupata mimba ku lopitali. Wale wenye laktobasili kidogo mu kizazi walishika mimba mara chache zaidi. Watu 35 ni kidogo, basi mutu asiseme kila bibi asiyezaa ni juu ya vidudu. Bwana pia apimwe.

Wababa, hii inawahusu. Mwaka 2025, huko Australia, bibi alipotibiwa peke yake, vajinozi ilirudi kwa 63 ku 100 mu majuma 12. Bwana alipotibiwa pia, vidonge na pomadi kwa siku 7, ilirudi kwa 35 ku 100.

Basi tufanye nini? Ndani hakuoshwi, inje, mayi safi inatosha. Harufu ikibadilika, enda kwa munganga, usinunue vidonge vya ku soko. Kama kuna homa na maumivu chini ya tumbo, usingoje: ugonjwa unaweza kuwa umepanda mu kizazi na kufunga mirija. Dawa imalizwe yote.

Na wewe bwana, mbele ya kumuuliza bibi alikuwa wapi, umusindikize ku lopitali.