Mziba nyufa za vioo vya magari ahitaji ujuzi kabla ya vifaa

FUNDI wa jua kali wa Kibera au Kawangware anayetaka kuziba nyufa za vioo vya mbele vya magari anahitaji pampu, gundi maalumu na taa ya miali ya urujuanimno.

Pampu bora hufyonza hewa kabla ya kusukuma gundi. Hewa ikibaki, ufa huweza kuendelea. Kazi hufanyiwa kivulini, kwani jua huigandisha gundi kabla haijaenea.

Ajizoeze kwa vioo vilivyotupwa, na ajifunze kukataa: ufa uliopenya matabaka yote mawili ya kioo, au ulio mbele ya macho ya dereva, haufai kuzibwa. Atapoteza ujira wa siku, lakini hatahatarisha abiria wa matatu.

Waliojifunzia ufundi wa magari kazini huweza kutahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) na kupata cheti.