Moto, pamba na Imam Ghazali: nani aliua falsafa?

Watu wanaojadili kwa nini nchi za Kiislamu zilitangulia katika tiba, hesabu na falaki kisha zikapitwa na Ulaya hupenda kutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa lawama, na mara nyingi anayebebeshwa ni Imam Ghazali. Hadithi yenyewe ni fupi. Alitokea mwanachuoni wa Khorasan, akaandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, Waislamu wakamsikiliza, wakaiweka akili kando. Wapo wanaoisimulia kwa masikitiko. Wapo pia, hasa baadhi ya wahubiri, wanaoisimulia kwa fahari, kana kwamba kuishinda akili ni ushindi wa dini. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinazungumzia kitabu ambacho hazijakifungua.

Kitabu hicho ni Tahafut al-Falasifa, ambacho madhumuni yake ni kuonyesha jinsi hoja za wanafalsafa zinavyoporomoka. Kilikamilika mwanzoni mwa mwaka 1095. Mwandishi wake, Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, alizaliwa Tus, kaskazini mashariki mwa Iran ya leo, mnamo mwaka 1058. Alisoma Nishapur kwa al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa kupita wote wa madhehebu ya itikadi ya Kiash'ari wakati ule, na mwaka 1091 Nizam al-Mulk, waziri wa dola ya Waseljuki, akamkabidhi kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na kidogo, na mwenyewe anasema alikuwa akifundisha wanafunzi 300.

Pwani yetu inamjua, lakini inamjua kwa upande mmoja. Masharifu wa Ba Alawi kutoka Hadhramaut, ambao athari yao Lamu, Mombasa, Zanzibar na Komoro haihitaji kuelezwa, wamekienzi sana kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Kwa hiyo Ghazali anayetajwa darasani ni Ghazali wa kusafisha moyo, wa kukemea riya na husuda. Ghazali aliyetilia shaka kila kitu, pamoja na macho yake na akili yake, hatajwi sana. Ni huyo anayenivutia, kwa sababu bila kumwelewa yeye, kitabu dhidi ya wanafalsafa hakieleweki.

Habari za shaka hiyo amezieleza mwenyewe katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu kifupi alichokiandika uzeeni. Anasema tangu ujana aliona kwamba mtoto wa Wakristo hukua Mkristo, wa Wayahudi hukua Myahudi, wa Waislamu hukua Mwislamu. Kama imani ya mtu inatokana na nyumba aliyozaliwa, je, anajua, au anarithi tu? Akaamua kutafuta kwanza maana ya kujua. Kipimo alichokiweka ni kikali: elimu ya kweli ni ile ambayo hata muujiza hauwezi kuitikisa. Anatoa mfano. Ninajua kwamba kumi ni zaidi ya tatu. Akija mtu akasema, hapana, tatu ndiyo zaidi, na ushahidi wangu ni kwamba naigeuza fimbo hii kuwa nyoka, kisha kweli akaigeuza mbele ya macho yangu, nitastaajabu jinsi alivyoweza. Lakini hesabu yangu itabaki palepale.

Msomaji asiupite mfano huu haraka. Anayesema maneno haya ni imamu, mtu anayeamini miujiza ya manabii, na fimbo anayoitaja haikuchaguliwa kwa bahati. Anakubali kwamba fimbo inaweza kuwa nyoka. Anachokataa ni kwamba tukio la ajabu, hata likiwa la kweli, linaweza kuthibitisha jambo lisilohusiana nalo. Mikutano yetu ya uponyaji na ya ruqya ingekuwa na utulivu zaidi kama kanuni hii ingekumbukwa: kwamba mgonjwa amesimama hakuthibitishi kila neno litakalotoka kinywani mwa aliyemsimamisha.

Kwa kipimo hicho akaanza kukagua alichonacho. Macho yanakiona kivuli kimetulia, lakini ukirudi baada ya saa moja unakuta kimesogea. Kumbe kilikuwa kikitembea wakati wote. Macho yanaiona nyota ina ukubwa wa dinari, na hesabu za wanafalaki zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Basi macho si ya kuaminiwa, na aliyeyakosoa ni akili. Lakini hapo likazuka swali zito zaidi: na akili je, nani ataikosoa? Tukiwa usingizini tunaamini tunayoyaona, hatuyatilii shaka hata kidogo mpaka tuamke. Huenda kuna hali nyingine ambayo, tukiifikia, huku kuwa macho kwetu kutaonekana ndoto. Ghazali anasema alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Hakuweza kuitatua kwa hoja, kwa sababu kila hoja inaanza kwa kuiamini akili, na akili ndiyo iliyokuwa inashitakiwa. Akatoka humo, asema, kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake.

Wapo wanaolicheka jibu hilo na kuliita kukimbia. Mimi naliona ni la mtu mkweli. Descartes, Mfaransa aliyepita njia inayofanana na hiyo zaidi ya miaka 500 baadaye, naye alilazimika kumleta Mungu ili aweze kuiamini akili yake tena. Akili haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe. Anayeiamini, awe mcha Mungu au asiye na dini, ameanza na kitu ambacho hakukithibitisha.

Akiwa ameirudia akili, Ghazali aliwageukia wale waliodai kuwa mabingwa wake. Alivisoma vitabu vya al-Farabi na Ibn Sina peke yake, bila mwalimu, katika nafasi alizozipata baada ya darasa, kwa muda usiotimia miaka 2, kisha akavitafakari kwa karibu mwaka mmoja zaidi. Msimamo wake ulikuwa kwamba huwezi kuikosoa elimu usiyoijua sawa na wenyewe. Muhtasari alioutoa wa mafundisho ya wanafalsafa ulikuwa mzuri kiasi kwamba, ulipotafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, wasomaji wengi wa Ulaya walidhani huyo Algazel, kama walivyomwita, ni mfuasi mwaminifu wa Ibn Sina.

Sasa tukifungue Tahafut yenyewe. Kina masuala 20, na jambo la kwanza la kutazama ni yale ambayo Ghazali hakuyagusa. Katika utangulizi anasema hagombani na wanafalaki wanaoeleza kwamba mwezi hupatwa ardhi inapokaa kati yake na jua. Mambo hayo, asema, yamesimama juu ya hesabu zisizo na shaka. Anayejua hesabu hizo anaweza kukutajia saa ya kupatwa na kiasi kitakachofunikwa. Anayedhani kuyapinga ni kuitetea dini anaidhuru dini, na madhara yake ni makubwa kuliko ya adui anayeishambulia waziwazi. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete juu ya Rujewa, mkoani Mbeya, wataalamu walikuwa wameshatangaza saa na mahali mapema. Katika Uislamu kuna sala ya kupatwa kwa jua, na aliyeisali siku ile hakuhitaji kuwakanusha wataalamu. Ghazali angesema huo ndio mpangilio wa mambo unavyotakiwa kuwa.

Ugomvi wake ulikuwa mahali pengine. Wanafalsafa walidai kwamba maneno yao juu ya Mungu, roho na mwanzo wa ulimwengu yana uhakika uleule wa hesabu, kwamba ni burhani tupu. Ghazali anakwenda nao hoja kwa hoja, kwa mantiki yao wenyewe, na kuonyesha kwamba burhani hiyo haipo. Ushahidi mkubwa wa nia yake, ambao wasimulizi wa ile hadithi fupi huuruka, ni kwamba baadhi ya masuala hayo yanahusu mambo ambayo yeye mwenyewe anayaamini. Anaamini Mungu ni mmoja. Lakini lipo suala zima la kuonyesha kwamba wanafalsafa wameshindwa kulithibitisha hilo kwa njia yao. Anaamini Mungu si mwili. Napo anawaambia hoja yenu haitoshi. Mtu anayeichukia akili hapotezi muda kubomoa hoja dhaifu zinazounga mkono imani yake.

Suala la 17 ndilo maarufu. Pamba ikikutana na moto inaungua. Tumejuaje kwamba moto ndio uliounguza? Tulichokiona, asema Ghazali, ni kuungua kukitokea wakati wa kukutana. Hatukuona kwamba kumetokea kwa sababu ya kukutana, wala kwamba hakuwezi kutokea vingine. Kati ya moto na kuungua hakuna ulazima kama ule unaofanya kumi kuwa zaidi ya tatu. Mwenyezi Mungu ndiye anayeviumba vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na amejaalia desturi hiyo isibadilike hovyo.

Akajua atapingwa. Akawatangulia wapinzani kwa kuisema hoja yao kwa kejeli kuliko ambavyo wangeisema wenyewe: kama hakuna ulazima, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hana uhakika kwamba hakijageuka farasi anayechafua maktaba. Jibu lake ni kwamba Mungu ametuumbia pia ujuzi kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei. Tena anaweka njia ya pili, isiyonukuliwa mara nyingi: tukubali kwamba moto una asili ya kuunguza, bado zipo hali tusizozijua zinazoweza kuizuia. Mtu aliyejipaka talki, anasema, hukaa ndani ya tanuri asidhurike. Asiyewahi kuona jambo hilo atalikanusha.

Waskoti walilipata swali hilihili kutoka kwa mtu wao, David Hume, katika kitabu cha mwaka 1739. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Kwa Hume desturi imo katika nafsi zetu: tumezoea, basi tunatarajia. Kwa Ghazali desturi ni ya Mungu, na kwa hiyo ina wa kuidhamini.

Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Cordoba, aliandika jibu katika Tahafut al-Tahafut, yapata mwaka 1180. Hoja yake nzito ni kwamba kujua kitu ni kujua sababu zake. Anayeondoa sababu ameondoa akili yenyewe, na akiondoa akili hana tena njia ya kumthibitisha Muumba kwa kuvitazama viumbe. Nadhani hapa Ibn Rushd ana haki zaidi ya vile wafuasi wa Ghazali wanavyokiri. Lakini ile njia ya pili, ya talki, inapunguza makali ya hoja hiyo, na hata leo wataalamu hawajakubaliana ni njia ipi kati ya mbili hizo Ghazali aliishikilia moyoni.

Pale ninapomlaumu Ghazali bila kusita ni kwenye ukurasa wa mwisho. Kati ya masuala 20, alitamka kwamba matatu ni ukafiri: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mungu anajua mambo kwa ujumla tu bila kuyajua mojamoja, na kukana ufufuo wa miili. Anayeyaamini hayo, alihukumu, astahili kuuawa. Zama zake zilikuwa za hofu: Nizam al-Mulk, mlezi wake, aliuawa mwaka 1092, na dola ilikuwa ikipambana na Waismaili wa Alamut. Hofu hiyo inaeleza hukumu, haiifanyi kuwa nzuri. Mtu aliyethibitisha kwa kurasa nyingi kwamba hoja za mambo haya hazifikii uhakika wa hesabu hakupaswa kuzimaliza kwa upanga.

Je, kitabu hiki kiliua sayansi? Wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 19, Ernest Renan akiwa mbele yao, walieneza picha ya Uislamu uliozima fikra. Tarehe zinakataa. Kituo cha kutazamia nyota cha Maragha kilianza kujengwa mwaka 1259, karibu miaka 150 baada ya Ghazali kufariki, chini ya Nasir al-Din al-Tusi, mzaliwa wa mji uleule wa Tus. Ibn al-Nafis, tabibu na pia mwanafikihi wa Kishafii, alieleza katika karne ya 13 jinsi damu inavyopita mapafuni. Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, msikiti ambao Ghazali alijifungia mnarani mwake alipoacha ualimu. Hesabu zake za mwendo wa mwezi zinalingana na zile ambazo Copernicus alizichapisha mwaka 1543. Dola zilianguka, miji ilichomwa na Wamongoli, njia za biashara zilihama. Sababu za kupitwa ni nyingi, na kitabu kimoja hakitoshi kuzibeba.

Tena Ghazali huyohuyo, katika kitabu cha kwanza cha Ihya, ambacho ni Kitabu cha Elimu, anaihesabu tiba na hesabu kuwa fardhi kifaya: mji usipokuwa na mjuzi hata mmoja wa tiba, wakazi wote wana dhambi. Analalamika kwamba miji mingi haina tabibu ila wasio Waislamu, huku vijana wakisongamana kwenye fikihi. Kwa nini? Anajibu bila kumung'unya maneno: kwa sababu tiba haimpi mtu usimamizi wa wakfu, mali za mayatima wala kiti cha ukadhi.

Anayetaka kumpima mwenyewe aanze na al-Munqidh, ambacho kinasomeka kwa jioni mbili, kisha aingie suala la 17 la Tahafut akiwa na jibu la Ibn Rushd mkono wa pili. Asianze na waliomsifu wala waliomlaani.